2K ya mwaka huu na ya mwaka jana: tofauti iko wapi hasa

Kila ukifika mwezi wa tisa, kwenye kibanda cha gemu kilicho karibu na kwetu hapa Ng'ambo, mjini Zanzibar, ugomvi ni uleule wa 2K, gemu ya mpira wa kikapu. Wawili wameshika pedi, wengine kumi wamebanana kwenye benchi wanasubiri zamu na kubishana. Mmoja anasema 2K mpya ni gemu nyengine kabisa. Mwenziwe anasema ni ileile ya mwaka jana, wamebadilisha picha ya juu ya boksi tu. Wa tatu anasema yeye anayo hiyo mpya kwenye simu na hajalipa hata senti moja. Mara hii ugomvi umetoka kibandani ukaingia majumbani. Dada yangu mkubwa aliniita akaniuliza: "Hebu nambie mdogo wangu, huyu mpwa wako anataka gemu mpya ya kikapu, na mwaka jana nilimnunulia gemu ya kikapu, tena kwa pesa nyingi. Ananidanganya?"

Hakudanganyi, dada. Ila na yeye mwenyewe hajui vizuri anachokiomba, na hao wenziwe kibandani hawajui pia. Wote wanatumia jina moja, kumbe chini ya jina hilo mna vitu kadhaa vinavyobadilika kwa mwendo tofauti. Vikitenganishwa, kila mmoja wao ana ukweli wake kidogo.

Tuanze mwanzo. NBA ni ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, yenye timu 30. NBA 2K ni gemu inayoigiza ligi hiyo: timu zake, viwanja vyake, jezi zake, wachezaji kwa majina yao na sura zao. Hutoka mara moja kila mwaka, na kila inayotoka ndiyo tunayoiita toleo. Ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1999, dunia nzima ikiwa inasubiri mwaka 2000, kwenye mashine ya kampuni ya Sega iliyoitwa Dreamcast. Hilo "2K" ni namna ya kuandika elfu mbili kwa mkato. Waliotengeneza ile ya kwanza, Visual Concepts, ndio wanaotengeneza mpaka leo, ingawa tangu 2005 wamo mikononi mwa kampuni ya Take-Two.

Namba nayo inachanganya watu. 2K25 ilitoka tarehe 6 Septemba 2024, na 2K26 ilitoka Septemba 2025. Si kosa la kuhesabu. Msimu wa NBA huanza Oktoba na kumalizika Juni ya mwaka unaofuata, na gemu imefuata mwaka wa kumalizia. Kwa hiyo mtoto akiomba 2K26 na kalenda ukutani inasema 2025, haombi kitu ambacho hakijatengenezwa.

Sasa chukua kanga. Kila mwanamke wa hapa anajua kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Duka la Darajani likishusha mzigo mpya, jina ni jipya, mji una maua mengine, pindo pengine ni lile la mwaka jana limegeuzwa rangi, lakini pamba yenyewe ni ileile. Baada ya miaka ndipo kinakuja kitambaa kingine, na hapo hata ukifumba macho ukakigusa unajua kuwa hiki sicho. Anayesema kanga ya mwaka huu ni mpya amesema kweli, na anayesema ni ileile kakishika kitambaa naye amesema kweli.

2K imekaa hivyohivyo. Jina la kanga ndiyo ile picha ya juu ya boksi pamoja na vikosi vya timu. Hivyo hubadilika kila mwaka bila kukosa. Toleo la kwanza lilikuwa na Allen Iverson. 2K14 ilikuwa na LeBron James, 2K19 Giannis Antetokounmpo, 2K24 Kobe Bryant, 2K25 Jayson Tatum, na hii 2K26 ina Shai Gilgeous-Alexander. Wakati mwengine ligi huenda mbio kuliko karatasi: 2K18 ilikuwa tayari imechapishwa Kyrie Irving akiwa na jezi ya Cleveland, na kabla haijaingia madukani akahamishiwa Boston. Ikabidi watengeneze picha nyengine.

Na vikosi pia si kitu kilichochongwa kwenye CD kikaisha. Mashine ikiwa na intaneti, watengenezaji huleta vikosi vipya msimu mzima, mchezaji akihama kweli anahama na kwenye gemu. Mashine isiyo na intaneti inabaki na siku ile CD ilipochapwa. Mwaka huu nimemsikia kijana akimlaumu mwenye kibanda kuwa kauza roho, kaweka 2K25 ya bandia, kwa sababu Luka Dončić yuko Dallas na kila mtu anajua yuko Lakers. CD ni halali. Luka alihamia Lakers mwezi wa Februari 2025, CD ilikuwa sokoni tangu Septemba, na mashine ya pale haijawahi kuunganishwa na mtandao.

Mji na pindo ni zile njia za kuchezea. Hizi nazo tuzitaje, maana nusu ya ugomvi wa kibandani ni watu wawili wanaocheza njia tofauti za gemu moja. Kuna mechi ya kawaida, unachagua timu, rafiki yako anachagua yake, mnacheza. Kuna MyNBA, ambapo wewe ndiye meneja wa timu kwa misimu mingi, unauza na kununua wachezaji. Kuna MyCareer, unatengeneza mchezaji wako mwenyewe na kumkuza kuanzia chini. Na kuna MyTeam, unakusanya kadi za wachezaji na kuunda kikosi. Mwenye kucheza mechi ya kawaida tu atakwambia hakuna kilichobadilika. Mwenye kuishi ndani ya MyCareer atakwambia kila kitu kimebadilika, na hakuna kati yao aliyesema uongo.

Mfano mzuri wa pindo linaloongezwa uzi mmoja kila mwaka ni zile zama za MyNBA. 2K23 ilileta uwezo wa kuanzia ligi zamani: 1983 enzi za Magic Johnson na Larry Bird, 1991 enzi za Michael Jordan, 2002 enzi za Kobe, au leo. Mimi niliipenda sana, na bado naona ndiyo zawadi kubwa waliyowapa wapenzi wa historia ya mchezo huu. 2K24 ikaongeza 2010, zama za LeBron. 2K25 ikaongeza 2016, zama za Stephen Curry. Unaona mwendo wake: jambo kubwa likaja mara moja, kisha likaongezwa kipande kwa kipande, na kila kipande kikauzwa na toleo zima.

Tufike kwenye kitambaa chenyewe, maana hapa ndipo pesa za dada zinapoamuliwa. Kitambaa ni ule mtambo wa ndani unaoamua mchezaji anavyokimbia, anavyojigonga na mlinzi, anavyotua baada ya kudanki, yaani kuutumbukiza mpira ringini kwa mkono. Mtambo huu haubadilishwi kila mwaka. Hauwezekani kujengwa upya ndani ya miezi kumi na mbili. Mara nyingi hubadilishwa mashine mpya zinapoingia sokoni. Mwaka 2013 ilipokuja PS4, yaani PlayStation ya nne, mashine ya kampuni ya Sony, 2K14 ya PS4 ilikuwa dunia nyengine ukiilinganisha na 2K14 ya PS3 iliyotoka mwaka uleule. Mwaka 2020 ilipokuja PS5, 2K21 ikafanya vilevile.

Rudia kuisoma sentensi hiyo, maana watu wengi wanaipita. Toleo moja, jina moja, namba moja, lakini gemu mbili. 2K25 ya PS4 na 2K25 ya PS5 si gemu moja iliyosafishwa picha. Ile ya PS5 ina mji mzima wa kutembea na mchezaji wako, ya PS4 ina eneo dogo. Ile ya PS5 ina teknolojia waliyoipa jina ProPLAY, ya PS4 haina.

ProPLAY ilianza na 2K24, na inaeleweka kirahisi. Zamani, ili Kobe wa kwenye gemu aruke kama Kobe, walimvalisha mtu nguo maalumu yenye alama za kunaswa na kamera, akaingia studio akaiga mruko wa Kobe. Ilikuwa kazi nzuri, lakini aliyeruka si Kobe. ProPLAY inachukua picha za video za mechi halisi za NBA na kuzigeuza kuwa miondoko ya kwenye gemu. Ni kama tofauti ya kumsikiliza mtu anayemuiga Bi Kidude, hata akiwa hodari namna gani, na kusikiliza kanda ya Bi Kidude mwenyewe. Ndiyo maana anayehama kutoka 2K23 kwenda 2K24 kwenye PS5 anahisi miguu ya wachezaji imekuwa na uzito, na 2K26 imeendeleza kazi hiyohiyo kwenye mikimbio na mageuko.

Mwenye PS4 hayo yote yanampita. Kwake yeye, tangu 2K21, ni jahazi lilelile linapandishwa pwani kila mwaka, linakalafatiwa, linapakwa rangi na kurudishwa majini. Yule kijana wa kibandani anayeapa kuwa "ni ileile" anacheza PS4. Yule anayeapa kuwa "ni nyengine kabisa" ana binamu yake Dubai aliyemletea PS5. Wangeulizana mashine kwanza, wangekwisha kubishana siku nyingi.

Na CD zenyewe zinaponza watu. CD ya PS5 haiingii kazini kwenye PS4, iwe iweje. CD ya PS4 inafanya kazi kwenye PS5 yenye sehemu ya kuwekea CD, lakini utakachokipata ni gemu ya PS4 ndani ya mashine ya PS5. Miaka miwili nyuma dada yangu aliuziwa kwenye duka moja la mjini CD ya PS5, na nyumbani ana PS4. Muuzaji alimwambia "ni hiyohiyo tu." Mtoto aliiweka, ikakataa, akaitoa akaipangusa kwa shati, akaiweka tena, mpaka magharibi. Ile CD ikakaa kabatini na haikurudishiwa pesa. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza: kabla ya kutazama namba ya toleo, soma ule ukanda wa juu ya boksi, PS4 au PS5. Na kama mashine ya nyumbani ni PS3, ujue matoleo yake yaliishia 2K18. PS2 yaliishia 2K12.

Watu huniuliza kwa nini basi wasitengeneze vizuri kila mwaka. Jibu moja nimeshalitaja, muda hautoshi. Jibu jengine ni kwamba dukani hakuna mwenzao. Zamani walikuwa na mshindani, NBA Live ya kampuni ya EA, na ushindani ule ulituletea neema. ESPN NBA 2K5, ya 2004, iliuzwa chini ya dola 20 ili kumtikisa mpinzani. Mwaka 2010 EA walipanga kutoa gemu mpya kwa jina NBA Elite 11, wakaifuta dakika za mwisho. Mwaka huohuo 2K11 ikatoka na Michael Jordan juu ya boksi na mechi zake kubwa za zamani za kuchezwa upya, na mpaka leo wazee wa pedi wakiitaja wanashusha pumzi. NBA Live ya mwisho ya mashine za nyumbani ilitoka 2018. Tangu hapo, ukitaka NBA kamili kwenye mashine, mlango ni mmoja. Kijiji chenye duka moja, mwenye duka hana haraka ya kufagia.

Kwa hiyo matoleo haya ni kama mikarafuu ya Pemba. Kuna mwaka wa msimu mkubwa, mti unainama, na kuna mwaka unaokota vikonyo. Ukiniuliza mimi, miaka mikubwa ni 2K11 kwa sababu ya Jordan, 2K14 na 2K21 kwa mashine mpya, 2K23 kwa zama, 2K24 kwa miondoko. 2K25 nayo ilikuwa kubwa kwa watu wa kompyuta peke yao, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza walipewa toleo la kizazi kipya badala ya lile la mashine za zamani. Wengine watapanga kwa namna nyengine, na mimi sigombi.

Jambo linalonikera ni pesa za ndani ya gemu. Zinaitwa VC, na ziliingia na 2K13. Mchezaji wako wa MyCareer anaanza na kiwango cha 60, na cha juu kabisa ni 99. Ili apande, unatumia VC. VC unazipata kwa kucheza, kidogokidogo, mechi baada ya mechi, au unazinunua kwa pesa halisi, papo hapo. Sasa mtoto wa skuli anaingia mtandaoni na mchezaji wa 60, anakutana na mwenye 90 aliyelipia siku ya kwanza. Anapigwa. Anarudi kwa mama. Ukishalipia gemu kamili, bei ambayo kwa toleo la PS5 ilipandishwa kutoka dola 60 hadi dola 70 kuanzia 2K21, bado unasimamishwa mlangoni uulizwe una nini mfukoni. Mwaka wa 2K18 wachezaji walilalamika dunia nzima juu ya hili, na walikuwa na haki.

Na wazazi wengi hawajui kuwa VC hazihami. Hii nawaeleza kwa umeme wa TUKUZA. Umenunua yuniti, umeziingiza kwenye mita. Kesho unahama nyumba. Zile yuniti zilizobaki hazitoki na wewe, zinabaki na mita ya nyumba ile. VC ulizonunua kwenye 2K25 zinabaki 2K25. Kadi ulizokusanya kwenye MyTeam zinabaki 2K25. Mchezaji uliyemlea mwaka mzima mpaka akafika 95, anabaki kulekule. Kwenye 2K26 unaanza na 60, kama mgeni aliyeteremka bandarini na begi tupu. Mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe asimnunulie VC mwezi wa saba, miezi miwili kabla ya toleo jipya, maana ni kununua yuniti wakati lori la kuhamia limeshasimama mlangoni.

Nyumba yenyewe nayo huvunjwa. Njia za mtandaoni zinategemea kompyuta kubwa za kampuni, seva, na kila toleo lina siku yake ya kuzimiwa seva. 2K22 ilitoka Septemba 2021 ikazimwa mwisho wa 2023. 2K23 ilitoka Septemba 2022 ikazimwa mwisho wa 2024. Ni miaka miwili na kitu. Ikishazimwa, MyTeam inakwenda, na MyCareer kama watu wanavyoijua inakwenda pia. Inabaki mechi ya kawaida na mwenzako aliye ubavuni, na MyNBA usiyohitaji mtandao. Kwa hiyo ukiona CD kongwe inauzwa rahisi, jiulize mtoto anataka njia ipi. Kama anataka kucheza na ndugu yake kwenye zulia, hiyo CD ni bahati. Kama anataka kumkuza mchezaji wake mtandaoni, anunuliwe nyengine.

Nimalizie yule wa tatu kibandani, mwenye 2K mpya kwenye simu bila malipo. Nilimuomba simu nikaitazama. Picha za mwanzo zimeandikwa 2K25, Tatum yupo, jezi ni za sasa. Lakini ukiingia ndani, menyu, sauti za watangazaji, namna mchezaji anavyogeuka, ni 2K13 ya PSP, ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony. 2K13 ndiyo ya mwisho kutengenezwa kwa PSP. Simu inaichezesha kwa emuleta, yaani programu inayoifanya simu ijifanye PSP, iitwayo PPSSPP, na mafundi wa mitandaoni wamebandika majina na jezi mpya juu yake, kisha faili linasafiri kwa WhatsApp kutoka mkono hadi mkono. Ni kazi ya watu wenye mapenzi, siidharau, ila ni kanga ya 2012 iliyochapwa jina jipya. Kuna pia NBA 2K Mobile, hiyo ni halali na imetengenezwa kwa ajili ya simu, lakini ni gemu ya kukusanya kadi inayojitegemea. Si toleo la mwaka.

Jengine lililoniumiza roho ni lawama zinazopewa gemu isiyo na kosa. Kurusha mpira kwenye 2K ni suala la wakati. Unashika kitufe, kipimo kidogo kinajaa pembeni ya mchezaji, unaachia kinapofika mahala pake. Ukiachia barabara kinawaka kijani, na mpira unaingia. Ukiwahi au ukichelewa, mashine inapiga hesabu: mchezaji huyu ni hodari kiasi gani, yuko mbali kiasi gani, mlinzi kamnyooshea mkono au vipi. 2K25 ilikuja na uamuzi mpya hapo, mtu achague kurusha kwa usalama au kwa hatari yenye malipo makubwa, na wengi walirusha ovyo wiki za mwanzo kwa kutojua walichochagua.

Lakini kijana mmoja pale kibandani, mkali kweli wa pointi tatu, alikuwa anakosa kila mpira tangu mwenye kibanda alete televisheni mpya, kubwa, ya kung'ara. Kwenye ile ya zamani, ndogo, kijani kilikuwa kinawaka mfululizo. Akaapa 2K25 imeharibiwa. Nilikaa nyuma yake nikitazama kidole gumba chake. Kilikuwa kinaachia kitufe pale kipimo kinapoonekana kimejaa, sawasawa kabisa. Tatizo ni kwamba alichokuwa anakiona kilikuwa kimeshapita. Televisheni nyingi za sasa huipamba picha kabla ya kuionesha, hulainisha mwendo, hukoleza rangi, na kazi hiyo hula sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye filamu hujui. Kwenye 2K, sehemu hiyo ndogo ndiyo tofauti ya kijani na chuma cha ringi. Tukaingia kwenye mipangilio ya televisheni, tukawasha ile hali ya gemu, mapambo yakazimika. Mpira wa kwanza ukagonga chuma, maana kidole kilishazoea vibaya. Wa pili ukagonga. Wa tatu ukawaka kijani, na benchi zima likasimama.

Nirudi kwa dada. Nilimuuliza maswali matatu tu. Mashine gani iko nyumbani? PS4. Intaneti ipo? Ya bando la simu yake, na akilipa mwenyewe. Mtoto anacheza na nani? Na nduguye, kila siku baada ya chuoni. Nikamwambia asinunue. 2K25 aliyonayo na 2K26 anayoitaka, kwenye PS4 yake, bila mtandao, zinatofautiana kwa vikosi na picha ya juu ya boksi. Bando la kushushia gemu kama hizi lenyewe ni balaa, maana matoleo ya karibuni hula zaidi ya GB 100. Siku akijaliwa PS5, hapo nitakwenda naye dukani mimi mwenyewe.

"Na atalia," alisema dada.

"Nitakuja Ijumaa."

Ijumaa baada ya sala nikakaa naye kwenye zulia. Nikamfundisha kitu ambacho hakuwa anakijua: kwenye 2K unaweza kuhamisha wachezaji kwa mkono wako, bila intaneti, na kuhifadhi kikosi chako. Tukamtoa Luka Dallas tukampeleka Lakers, Anthony Davis akapita njia hiyohiyo kuja Dallas. Kevin Durant tukamtoa Phoenix kwenda Houston, alikohamia kweli mwaka 2025. Ilituchukua mpaka alasiri, na alikuwa akinikosoa. Jezi za wote anazijua kuliko mimi.

Kisha akauliza, "Mjomba, hakuna Mtanzania humu?"

Nikamwambia alikuwepo. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika NBA nzima, na Memphis, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Kwenye matoleo ya miaka ile yumo kwa jina lake na sura yake. Hili ndilo ninalolipendea matoleo makongwe, yanahifadhi watu ambao ligi imeshawasahau.

"Basi tumtie."

Tukafungua sehemu ya kutengeneza mchezaji. Urefu, futi 7 na inchi 3. Jezi, 34. Timu tukamrudishia Memphis. Nduguye akaingia, akatazama kioo, akauliza huyu mrefu nani, na bila kusubiri jibu akaokota pedi ya pili.